Maswali ya Wasomaji: Majuto Yanayokataa Kuondoka

Katika toleo lililopita niliuliza swali moja tu: ni jambo gani unalijutia mpaka leo? Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia, na nyingine ndefu sana. Nimechagua nne. Walioziandika wamekubali zichapishwe bila majina, na palipohitajika nimebadilisha mambo madogo yasije yakawatambulisha. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba mambo ambayo wengine wengi waliyagusa kwa mbali.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanamume wa miaka 49, karani wa masjala katika hospitali kubwa. Nilipokuwa na miaka 21 nilipata nafasi ya kusomea udaktari katika mji wa mbali. Mwaka huohuo mama yangu alipooza upande mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa nyumbani, wadogo zangu walikuwa bado shule ya msingi. Nikaiachia ile nafasi. Mama aliishi miaka sita zaidi, na mimi sikurudi tena masomoni. Nina mke na watoto, sina la kulalamikia. Lakini nikipeleka mafaili wodini nikawakuta wanafunzi wa udaktari wamezunguka kitanda, roho inaniuma kana kwamba jambo lenyewe limetokea jana. Wakati mwingine najikuta nimebaki hukohuko, naongea na wagonjwa wasio na wageni, mpaka napigiwa simu kuulizwa niko wapi. Kila ninayemweleza ananiambia yaliyopita si ndwele. Nifanyeje niyaondoe majuto haya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wanaokuambia hivyo wanakutakia mema, ila mimi sitaharakisha kukusaidia kuyaondoa. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninaona majuto yako yanakuonyesha kitu ambacho bado kinapatikana. Tutakifikia. Kwanza tutazame kwa nini yamekaa muda wote huu.

Katika miaka ya 1990, wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, waliwauliza watu wa rika mbalimbali kuhusu majuto yao. Walichokipata nimekisikia mwenyewe, tangu nikiwa muuguzi katika wodi ya wazee hadi sasa ninapokaa kwenye chumba cha ushauri. Mwulize mtu anajutia nini juma hili, mara nyingi atakutajia kitu alichofanya: maneno makali, ununuzi wa pupa, ahadi aliyoitoa bila kufikiri. Mwulize anajutia nini katika maisha yake yote, atakutajia kitu ambacho hakukifanya. Kosa la kutenda lina mwisho wake. Unaomba radhi, unalipa, unajifunza, hata unapata la kuwasimulia watoto. Lisilotendwa halina mwisho, kwa hiyo mawazo hulitungia mwisho, na siku zote huutunga mzuri. Yule daktari ambaye ungekuwa, unayeishi naye kichwani kwa miaka 28, hajawahi kufeli mtihani. Hajawahi kukesha zamu mbili mfululizo akakosea dozi. Hajawahi kutoka chumbani kumweleza mzazi kwamba mtoto wake amefariki. Nimefanya kazi na madaktari wa kweli na ninawaheshimu sana. Nimewaona wakilia ngazini, karibu na lifti, halafu wakapangusa uso na kurudi ndani.

Liko jambo jingine linalokuumiza, na hili naliona baya zaidi: unamhukumu kijana wa miaka 21 kwa habari ambazo hakuwa nazo. Mwaka 1972, kabla Rais Nixon wa Marekani hajazuru China na Umoja wa Kisovieti, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi nchini Israeli wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Baada ya ziara wakawaomba wakumbuke walikuwa wamekadiria nini. Wengi walikumbuka vibaya, na walikosea kwa kuegemea upande mmoja: yale yaliyotokea, walijiona kana kwamba waliyatarajia kuliko walivyokuwa wameandika. Ndivyo tunavyojifanyia sote. Leo unajua kwamba mama aliishi miaka sita, kwamba wadogo zako walikua wakajitegemea, kwamba wewe hukurudi chuoni. Kijana yule hakujua hata moja kati ya hayo. Alichokijua ni kwamba mama hawezi kujigeuza kitandani.

Chukua karatasi uikunje katikati kwa urefu. Kushoto andika uliyoyajua wiki ile ya uamuzi, hayo tu: nani alikuwa akimwogesha mama, nani aliwaandaa wadogo kwenda shule, daktari alisema nini, chuo kilitaka jibu lini. Kulia andika uliyokuja kuyajua baadaye. Usikimbize kalamu. Watu wengi ninaofanya nao zoezi hili huja kuona kwamba mashtaka yote waliyojifungulia yametoka upande wa kulia.

Tena usidhani kwamba kujuta ni ushahidi kuwa ulikosea. Unaweza kurudishwa siku ileile, ukaamua vilevile, na bado ukasikitikia ulichokiacha. Mbele yako palikuwa na vitu viwili vya thamani, ukapata kimoja. Huzuni ya kile kingine ni halali yako, wala haimwondolei mama heshima uliyompa.

Sasa turudi kwenye barua yenyewe. Hukuandika popote kwamba unatamani cheo cha daktari, wala mshahara wake, wala kujua dawa zinavyofanya kazi mwilini. Uliandika kwamba unabaki wodini na wagonjwa wasio na wageni mpaka unatafutwa kwa simu. Mtu aliyemwuguza mama yake kwa miaka sita, leo miguu yake inampeleka kando ya vitanda vya watu asiowajua! Ninavyokusoma mimi, unachokililia kiko hapo kitandani, kwa mgonjwa, na hapo hapajafungwa kwa sababu ya umri.

Nikupe mfano wa mtu anayejulikana. Cicely Saunders wa Uingereza alianza kama muuguzi, maumivu ya mgongo yakamtoa kwenye kazi hiyo, akawa ofisa ustawi wa jamii hospitalini. Jioni alikuwa akijitolea katika nyumba ya kuwatunza watu walio karibu kufa. Udaktari aliuanza akiwa ameshavuka miaka 30, akafuzu mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice huko London, ambako huduma ya kisasa ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona ilipata mfano wake. Sikuambii ukasomee udaktari sasa. Nakuonyesha kwamba alichokuja kuwafundisha madaktari alianza kukiona jioni zile za kujitolea, kabla hajawa daktari. Katika huduma hiyo, tunayoiita tiba shufaa, mpaka leo kuna kazi nyingi zinazofanywa na watu wasio madaktari: kukaa, kusikiliza, kusoma barua kwa sauti, kushika mkono.

Nenda idara ya ustawi wa jamii ya hospitali yenu uulize kama wana kitengo cha tiba shufaa, na kama wanapokea watu wa kujitolea. Omba mafunzo kwanza. Usijiingize tu, kwa sababu wagonjwa wana siri zao na kazi hiyo ina kanuni zake. Kisha weka tarehe. Nasisitiza tarehe kwa sababu Gilovich na mwenzake Shai Davidai, katika utafiti uliochapishwa 2018, waliona kwamba watu huwahi kurekebisha majuto yanayohusu wajibu, lakini yale yanayohusu mtu waliyetamani kuwa huyaacha yakae, na ndiyo yanayowasumbua zaidi wanapotazama nyuma. Wajibu una mtu wa kukudai. Hili lako halina wa kukudai isipokuwa wewe mwenyewe.

SWALI: Mama, nina miaka 38. Mimi na baba tulikaa miaka miwili bila kuzungumza kwa sababu ya mwanamume niliyeolewa naye. Jioni moja alinipigia. Niliona jina lake kwenye simu, nikaiacha iite mpaka ikakata. Nilijiambia nitampigia kesho nikiwa nimetulia. Siku ya tatu akafariki ghafla. Sitajua kamwe alitaka kuniambia nini. Kaka yangu aliniambia msibani kwamba baba alikuwa ananisubiri, na tangu hapo mimi na yeye tunakwepana. Huu mwaka wa pili, bado naisikia ile simu ikiita.

JIBU: Pole sana, mwanangu. Sitakuambia kwamba halikuwa jambo. Ulimpenda, ulikuwa umemkasirikia, na uliiacha simu iite. Yote matatu ni kweli, na unaweza kuyabeba pamoja bila kulikana lolote.

Ila naomba tuitazame ile simu kwa karibu. Mwaka 1982 Daniel Kahneman na Amos Tversky waliwasimulia watu habari ya wasafiri wawili waliochelewa uwanja wa ndege kwa sababu ya foleni. Mmoja ndege yake ilikuwa imeondoka nusu saa kabla. Mwingine akaambiwa ndege yake ilichelewa kuruka, imeondoka dakika tano tu zilizopita. Nani ataumia zaidi? Asilimia 96 walisema ni huyu wa dakika tano. Hasara ni ileile, wote wawili wameachwa, lakini wa pili anaweza kuona kwa urahisi jinsi ambavyo angewahi. Akili zetu hushika pale panapoonekana pepesi kubadilika. Kwako wewe ni kitufe cha simu: kidole kingesogea kidogo tu. Kwa hiyo umeichukua huzuni ya miaka miwili yote ukaitundika kwenye dakika moja.

Ile miaka miwili ilikuwa na watu wawili. Baba yako naye alikuwa na simu muda wote huo, naye alikawia kama ulivyokawia wewe. Sisemi hivi ili nimtupie lawama marehemu. Nasema ili usimwondoe kwenye habari yake mwenyewe. Alichotaka kukuambia hukijui, lakini kuna kimoja unakijua kwa hakika: alipiga. Aliyepiga hakuwa amekufunga nje.

Mwandikie. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15, jioni nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida, wengine mambo mazito yaliyowapata. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu walipomaliza, ila miezi iliyofuata walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo usishtuke jioni ya kwanza ikikuliza. Mwandikie baba kama angeisoma leo, na usiisafishe barua. Hasira yako iandike, alivyomwita mumeo uandike, ulivyomkosa pia. Barua zenye "nisamehe" peke yake nimeziona nyingi, na walioziandika hurudi wakiwa bado wamekabwa, kwa sababu nusu ya ukweli imebaki kooni.

Kisha kaka yako. Hapa ndipo majuto yako yana kazi ya kufanya, kwa kuwa yeye yu hai na mmeanza kujenga kimya kingine kama kile cha kwanza. Najua unaogopa kwamba ukimtafuta atakuona msumbufu, au atarudia yale ya msibani. Peggy Liu na wenzake walichapisha mwaka 2022 majaribio kadhaa kuhusu jambo hilihili. Mtu anayemtafuta mwenzake baada ya ukimya hukadiria chini jinsi mwenzake atakavyofurahi, na mpokeaji hufurahi zaidi pale ambapo hakutarajia. Usianze na habari ya baba. Tuma ujumbe mfupi: "Kaka, nimekukumbuka. Sina shida yoyote, nilitaka tu kujua unaendeleaje." Akijibu neno moja, lipokee hilo neno moja. Baba mtamfikia wote wawili kwa wakati wake, na pengine utakuta kwamba maneno aliyokuambia msibani yeye mwenyewe yanamnyima usingizi.

Na kama ile simu inaita kichwani usiku mpaka hulali, huli, au unafikiri ni heri usingekuwepo, usingoje toleo lijalo. Nenda hospitali au kwa mshauri nasaha uliye karibu naye, na umwambie hivyohivyo ulivyoniandikia.

SWALI: Nina miaka 24, nimepata kazi mbili kwa mpigo. Moja ni ya ofisini karibu na nyumbani, nyingine ni mradi wa miaka mitatu mbali sana. Natakiwa kujibu mwisho wa mwezi. Nimeandika faida na hasara mpaka nimechoka. Kinachonitisha ni kuchagua halafu nikajuta.

JIBU: Hongera, na pumua kwanza. Umesoma hapo juu habari ya wasafiri wawili. Ilikuwa habari ya kuwaza tu. Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walikwenda kituo cha treni wakawauliza watu waliokosa treni kwelikweli. Mwaka 2004 wakaandika kwamba walioikosa kwa muda mfupi hawakujuta kama wengine walivyodhani wangejuta. Tunapoyawazia majuto kwa mbali tunayaona makubwa kuliko yanavyokuja kuwa, kwa sababu tunasahau kwamba tukishafika huko tutajieleza, tutazoea, tutapata mengine ya kushughulikia. Hofu yako ni ya kweli, lakini si kipimo kizuri.

Gilbert huyohuyo, pamoja na Jane Ebert, walichapisha mwaka 2002 jaribio la wanafunzi wa upigaji picha. Kila mmoja alibaki na picha moja kati ya mbili alizozisafisha mwenyewe. Waliopewa ruhusa ya kubadilisha mawazo kwa siku kadhaa waliipenda picha yao kidogo kuliko waliolazimika kukata shauri palepale. Basi ukishachagua, siku hiyohiyo andika barua ya shukrani kwa wale unaowakatalia, na uitume.

Nichague mimi? Ukiniambia kinachokuzuia kwenda mbali ni woga wa ugeni tu, nitakuambia nenda, maana hilo ndilo linalorudi watu wakiwa na miaka 50. Ukiniambia kuna mgonjwa nyumbani anayekuhitaji, soma tena barua ya kwanza kabla hujaamua lolote.

SWALI: Mume wangu hujisifu kwamba hajutii chochote maishani. Mimi huona kama ananificha. Binti yetu wa kwanza hakuhudhuriwa na baba yake shuleni hata mara moja, alikuwa safarini kikazi miaka yote. Huyu wa mwisho hakosi mkutano wake hata mmoja, hata akiwa na homa. Nikimwuliza kuhusu yule mkubwa, anasema kazi ni kazi. Je, kutojuta ni nguvu?

JIBU: Dada yangu, mtu asiyejuta kabisa ni nadra. Mwaka 2004 kundi la watafiti akiwemo Nathalie Camille lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, juu kidogo ya matundu ya macho. Walicheza mchezo wa bahati wa kuchagua gurudumu moja kati ya mawili. Wakishinda walifurahi, wakishindwa walichukia. Lakini walipoonyeshwa kile ambacho lile gurudumu jingine lingewapa, hawakuguswa kama watu wengine, na hawakujifunza kuchagua kwa kuyaepuka majuto kama wenzao walivyojifunza. Nguvu siioni hapo.

Mumeo haelekei kuwa mtu wa namna hiyo. Umeniandikia mwenyewe: hakosi mkutano hata akiwa na homa. Mtu asiyejuta hatoki kitandani na homa kwenda kukaa kwenye kiti kidogo cha darasani kusikiliza habari za ratiba ya mitihani. Anajuta, na amekwisha kuyatumia majuto yake vizuri kwa mtoto mmoja. Wanaume wengi wa rika lake walifundishwa kwamba kulitamka neno hilo ni kushindwa, kwa hiyo usimkamate kwa neno, na usimwombe akiri mbele yako kana kwamba uko mahakamani.

Kilichobaki ni binti mkubwa. Yeye anamwona baba akimhudhuria mdogo wake, na huenda hajui sababu. Pengine anadhani mdogo anapendwa zaidi. Siku mumeo akirudi kutoka mkutanoni, mkiwa wawili, mwulize hivi: "Unadhani mkubwa anajua kwa nini siku hizi hukosi?" Halafu nyamaza, mpe muda. Akisema hajui, mwambie ampigie.